Watukanaji wa Maguette Seck

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Maguette Seck alitukanwa hadharani mbele ya watu elfu moja na mia tisa, na kwa miaka miwili mizima hakuna kilichompa raha kama hicho.

Aliitwa mtumwa. Aliitwa mwizi wa wali. Aliambiwa kwamba udi wake unanuka beberu aliyenyeshewa, na kwamba marehemu mumewe aliharakisha kuondoka duniani ili apate hewa safi. Naye ameketi zake mkekani uani kwake, simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa, kilemba amekifunga kama anakwenda harusini, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Akimaliza kucheka, anajibu. Na Maguette akijibu, watu wa mji wake wa Thiès waliacha walichokuwa wakifanya.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane wa fundi wa karakana ya reli, mwanamke mnene asiyeomba radhi kwa unene wake. Kazi yake ilikuwa churai, udi wa kwao: vijizizi vya gowe, nyasi ya majini, vilivyokaushwa, vikatwangwa, vikachanganywa na msandali na manukato ambayo hakuwahi kumtajia mtu, kisha vikafungiwa ndani ya chupa za kioo siku arobaini. Wapo wanaofungia siku kumi. Maguette akisikia siku kumi, alitema mate pembeni.

Zamani alikuwa na kibanda sokoni. Soko likavunjwa kupisha barabara, na waliokuwa na vibanda wakaahidiwa vingine. Bado wanaahidiwa. Ndipo bintiye Astou, aliyekuwa amesomea mambo ya biashara chuoni, akaja na habari ya ukurasa mtandaoni.

"Mama, tutauza kwa simu."

"Udi kwa simu? Tangu lini simu ikawa na pua?"

"Watu watakuona, watakuamini."

"Mimi mwenyewe sijaamini."

Alhamisi ya kwanza walitazama watu kumi na mmoja. Maguette alipuliza makaa, akatia churai kwenye chetezo, moshi ukapanda, akaeleza weee mpaka koo likamkauka. Hakuna aliyesema neno. Alikuwa ananyoosha mkono kuizima ile simu lilipotokea andiko moja la mtu aitwaye Ousseynou Gueye: "Huyu mwanamke wa kina Seck anachoma nini, mbuzi? Au ndiyo chakula chao cha jioni?"

Sasa, kina Gueye na kina Seck ni watani. Msomaji mwenye watani hahitaji somo hapa. Tangu enzi za babu wa babu zao, Gueye humwita Seck mtumwa wake, Seck humwita Gueye mlafi wa wali wa watu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika amewaaibisha watu wake wote, walio hai na walio makaburini.

Maguette alikaa sawasawa. "Ousseynou Gueye," akasema, "nakufahamu. Wewe ndiye dereva wa treni uliyesimamisha mabehewa njiani kwa sababu ulisikia harufu ya samaki wa kukaanga. Leta mkono wako uliojaa mafuta ununue udi, nyumba yako inuke kama ya watu."

Ndani ya saa moja walikuwa watu mia mbili. Kina Gueye walikuja kushambulia, kina Seck wakaja kumtetea dada yao, na wasio huku wala huko wakaja kucheka. Mzee Ousseynou ndiye aliyeweka sheria ambayo ukurasa ule uliishika tangu siku hiyo: "Mimi situkani kitu ambacho sijakinusa. Niletee chupa mbili, ili wiki ijayo nikutukane kwa haki."

Hapo ndipo penyewe, na mimi nashangaa wenye vyeti vyao hawajapaona. Mgeni wa mji wa mbali kama Kaolack ambaye hajawahi kuinusa churai ya Maguette alifungua simu yake, akamkuta mzee mzima aliyekuwa akiitukana churai hiyo kwa mwaka na nusu, na kila mwezi anaagiza tena. Mgeni huyo alihitaji ushahidi gani mwingine? Wale watukanaji ndio waliokuwa pua ya ile simu.

Basi akaja Lamine.

Alitoka Dakar, mtu wa miaka thelathini na kitu, shati limembana, viatu havijui vumbi. Alitumwa na kampuni moja yenye maduka kumi na moja ya manukato. Alifika saa ya chakula, na kwa Maguette saa ya chakula haijadiliwi, kwa hiyo akavua viatu, akaketi kwenye sinia la wali na samaki pamoja na Maguette na Astou.

"Baba, wewe ukoo wako nani?" Maguette akamuuliza, kama anavyoulizwa kila mtu.

"Lamine inatosha, mama. Kazini tunatumia jina la kwanza."

Maguette alimtazama kidogo, akamsogezea kipande cha samaki. Mtu asiyetaja ukoo alimtia wasiwasi, lakini mgeni ni mgeni. Tena kijana mwenyewe alikula vizuri. Wali ulipokwisha, aliinamia sinia akauliza kwa aibu kama ukoko ulibaki jikoni. Ukaletwa, akautafuna wote.

"Mama Maguette," akasema baada ya kufuta mikono, "bidhaa yako haina mpinzani. Tunataka kuiweka kwenye maduka yote kumi na moja. Ila kuna masharti mawili."

"Sema."

"La kwanza, wafuasi. Bosi anataka ukurasa wenye watu elfu ishirini. Wewe una elfu moja na mia tisa. Akiiona namba hiyo anafunga faili."

"Hao elfu moja na mia tisa wananunua."

"Bosi haangalii nani ananunua, mama. Anaangalia namba."

"Basi ananunua namba, hanunui udi. La pili?"

Lamine alikohoa. "Matusi. Kuna mashine inayosoma maoni ya watu. Ripoti yako imetoka nyekundu tupu. Mtumwa, mwizi, mlafi, mbuzi. Mashine inasema unachukiwa na wateja wako."

"Huyo mashine mlete hapa nimpe kiti. Ameninusa?"

"Mimi najua ni utani. Nimezaliwa nchi hii. Wanaolipa ndio hawajui."

"Si uwaeleze? Unalipwa kwa kazi gani?"

Lamine alirudi kwenye masharti yake. Alisema maoni yale yakifutwa, na wanaotukana wakizuiwa, mkataba ungekuwa mezani baada ya wiki mbili.

"Maduka yako nayataka," Maguette akasema. "Sitakudanganya, nayataka sana. Lakini watukanaji wangu siwagusi hata mmoja. Wapo hapa tangu nilipokuwa na watu kumi na mmoja."

Lamine aliondoka, na Maguette akadhani neno limekwisha. Hakuuona uso wa Astou.

Astou alikuwa mtoto mwema, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amechoka kumwona mama yake akiinuka mkekani kwa kushika ukuta. Alitaka mama auze kwenye maduka yenye vioo na taa, ili waliovunja soko waone wanyamaze. Wiki iliyofuata Maguette alikwenda msibani Tivaouane siku tatu. Siku hizo tatu Astou alinunua wafuasi elfu kumi na nane mia mbili kwa bei ya gunia la mchele, akafuta matusi ya miaka miwili, akawafungia ukurasa watu arobaini na watatu. Wote kina Gueye. Wa kwanza wao alikuwa Mzee Ousseynou.

Maguette alirudi Jumatano, Alhamisi akaketi mkekani kama kawaida. Namba pembeni ya simu ilisema elfu ishirini na mia moja. Alifurahi, kwa nini nifiche? Aliamini Mungu amemfungulia. Akapuliza makaa, akatia churai, akarusha kombora lake la kwanza: "Haya, walafi wa kina Gueye, mmeshiba au bado mnalamba vidole?"

Kimya.

Akangoja. Akarudia. Akasema jambo baya sana kuhusu sufuria za kina Gueye, jambo ambalo wiki nyingine lingeleta matusi mia moja. Likaja andiko moja tu, la mtu mwenye picha ya gari badala ya uso, limeandikwa kwa lugha isiyojulikana. Elfu ishirini, na hakuna hata mmoja wa kumwambia kwamba ananuka.

"Astou. Kina Gueye wako wapi?"

Astou alianza kueleza kuhusu namba, akaishia kulia. Kabla hajamaliza, simu ya pili ya Maguette ikaita. Alikuwa kaka yake mkubwa aliyekaa mji wa Louga, na hakusalimia.

"Maguette, ni kweli umewakasirikia kina Gueye?"

"Kaka, mimi?"

"Mji mzima unasema. Seck amefungia Gueye mlango kwa ajili ya utani. Tangu tuzaliwe haijatokea. Nitaingiaje msikitini kesho?"

Kina Gueye waliobaki hawakujiondoa kwenye hesabu ya wafuasi, ila walikuwa wameacha kutazama kwa heshima ya mzee wao. Kina Seck wakaacha kwa aibu, na wachekaji kwa sababu hapakuwa na cha kucheka. Astou angeweza kuwafungulia wale arobaini na watatu kwa kidole kimoja, na alijitolea kufanya hivyo palepale, lakini mama yake alimkataza. Tusi lililofanywa kwa kidole halikuwa la kufutwa kwa kidole.

Kesho yake Maguette alivaa bubu lake la bluu, kanzu pana ya kwao, akaenda kwa miguu mpaka kwa Mzee Ousseynou, nyuma ya stesheni. Njiani alijiandaa kwa matusi yote anayoyajua. Angeitwa mtumwa mtoro. Angeambiwa apige deki nyumba nzima ndipo asamehewe. Alikuwa tayari kuipiga.

Mzee Ousseynou alifungua mlango mwenyewe, mrefu, mkavu, kofia ya reli bado kichwani.

"Karibu, Madame Seck," akasema. "Natumaini watu wa nyumbani hawajambo."

Alimpa kiti. Alimletea maji baridi kwenye glasi safi, juu ya kisahani. Aliuliza habari za msiba wa Tivaouane, akawaombea marehemu. Alimsikiliza akieleza, akasema ameelewa, vijana wa siku hizi wana mambo yao, hakuna neno. Kisha alimsindikiza mpaka mlangoni na kumshukuru kwa kumtembelea. Neno moja la utani halikumtoka.

Maguette alifika kona ya kwanza, akasimama chini ya mti wa barabarani, akalia. Hakuwahi kutukanwa vibaya namna ile. Mzee yule alikuwa amemfanya mgeni.

Siku sita alikaa kimya ndani. Siku ya saba ikawa Alhamisi, na Lamine akafika na mkataba ndani ya bahasha, uso umechangamka.

"Elfu ishirini na mia moja, mama. Na ripoti imetoka kijani. Sijui umefanyaje."

"Sikufanya. Nilifanyiwa." Maguette alikuwa ameshajifunga kilemba. Aliipokea bahasha, hakuifungua. "Nijibu swali moja. Hawa elfu ishirini, nikifa kesho, wangapi watakuja kunizika?"

"Mama, hiyo siyo..."

"Wangapi?"

Lamine alitazama viatu vyake. "Hakuna."

"Wale arobaini na watatu wangekuja wote, na wangenitukana kaburini. Astou, fungua ukurasa mpya."

"Mama, mpya? Tukiuacha huu tunaanza na sifuri."

"Nilizaliwa sina mfuasi hata mmoja na bado nilinona. Fungua. Na wewe, Lamine usiye na ukoo, chukua chetezo. Usikishike chini, kina moto."

Ndivyo Thiès ilivyomwona Maguette Seck akipita katikati ya barabara saa kumi alasiri, chupa ya churai kwapani, nyuma yake bintiye na simu, na nyuma ya bintiye mtu wa Dakar ameshika chetezo kwa ncha za vidole. Wenye maduka walitoka nje. Mwanamke mmoja aliuliza kuna nini, akajibiwa kwamba Seck amekuja juu, akaacha karanga zake akafuata. Maguette aliwaona na hakupunguza mwendo. Alikuwa amelia siku sita, na sasa machozi yamekwisha amebaki yeye.

Aliketi kwenye kizingiti cha Mzee Ousseynou, mgongo mlangoni, kama mwenye nyumba. Akamwaga churai kwenye makaa mpaka moshi ukafuka mnene, kisha akaupepea kwa upande wa bubu lake uingie ndani kupitia chini ya mlango.

"Astou, wangapi wanatazama?"

"Hakuna mtu, mama. Sifuri."

"Vizuri. Washa." Akainua sauti. "Mimi ni Maguette, binti Seck, nimekaa kwenye mlango wa mtumwa wangu Ousseynou Gueye. Ameambiwa nimekasirika. Ni kweli. Nimekasirika kwa sababu wiki mbili sijasikia mtu akisema udi wangu unanuka, nikadhani kina Gueye wote wamekufa kwa kuvimbiwa. Nimekuja kuhesabu maiti. Kama yupo aliye hai humo ndani, atoke, ila afute mdomo kwanza."

Moshi uliendelea kuingia. Ndani kulisikika mtu akikohoa, kisha kiti kikiburutwa. Maguette hakugeuka, lakini Astou aliiona mikono yake imeshika magoti kwa nguvu.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Ousseynou alisimama na kofia yake ya reli, na mkononi ameshika kamba ya kufungia mbuzi.

"Nilisikia harufu," akasema, "nikadhani beberu wangu ameungua. Kumbe ni kitu kibaya zaidi." Akaining'iniza ile kamba mbele ya pua ya Maguette. "Mtumwa akitoroka wiki mbili anauzwa sokoni. Bahati yako soko limevunjwa."

Kicheko kilichotoka mtaani kilisikika mpaka stesheni, na wenye simu wakaanza kuutafuta ukurasa mpya. Maguette alicheka hadi akaegemea ukuta, na safari hii machozi hayakuwa ya kona ya barabara. Astou akapiga goti mbele ya mzee kuomba radhi. Mzee akamwambia adhabu yake ni kupika, wali mwingi, na kina Gueye wote watakuja kuukagua.

Ndipo akamwona Lamine, amesimama na chetezo, jasho linamtoka.

"Na huyu mbeba moto ni wa nani? Baba, ukoo wako?"

Lamine alifungua mdomo kusema kwamba Lamine inatosha. Alitazama umati, akatazama simu, akatazama moshi.

"Gueye," akasema.

Kisha Maguette akainua kidole taratibu. "Ukoko," akasema. "Wallahi, nilipaswa kujua ulipoomba ukoko."

Lamine alijaribu kuuzuia mdomo wake, ukamshinda. Alianza kucheka kwa aibu, akaishia kucheka kama mtu wa kwao. "Mama Seck," akasema, "ule wali wako ulikuwa haujaiva. Niliula ukoko kwa kuokoa maisha." Watu walimpigia makofi, na mzee akampa mkono.

Maguette aliingiza mkono kwenye bubu, akamrudishia bahasha haijafunguliwa. "Peleka kwa bosi. Mwambie akitaka udi, ukurasa wangu mpya umwonyeshe, aje kama wengine. Anitukane kwanza, ndipo anunue."

Lamine aliitia bahasha mfukoni.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mapaa ya karakana, na makaa yalikuwa yamebaki majivu. Maguette alinyoosha mkono ili Astou amsaidie kuinuka.

"Tumefika wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili, mama."

"Wanasema nini?"

Astou alipandisha maandiko kwa kidole, moja baada ya jingine, mpaka juu kabisa.

"Wanakutukana."

"Wote?"

"Wote."

"Basi chukua kalamu," Maguette akasema, "uandike nani anataka chupa ngapi."